Barua ya wazi kwa Waziri Champagne: kabla hujatia sahihi kampuni ya simu ya Freedom iuzwe, tusikize na sisi wenye laini

Mheshimiwa Waziri wa viwanda wa Kanada François-Philippe Champagne, na wewe pia Bi. Vicky Eatrides uliyeingia kuongoza CRTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kanada, mwezi wa kwanza tu ukakuta mzigo huu umekungoja mlangoni,

Salamu kwanza. Naandika kwa Kiswahili manake ndio lugha ninayoitumia nikiwa na hasira, na huko Ottawa wakalimani hawakosekani, na hata wakikosekana basi Waswahili wenzangu wa Toronto, Hamilton na Edmonton wataisoma wajue kwamba kuna mmoja wetu alisema kabla mambo hayajaharibika. Leo ni mwanzo wa Machi 2023. Tarehe ya kufunga dili ya kampuni kubwa ya simu Rogers kuinunua Shaw, kampuni ya nyaya na intaneti yenye Freedom, ishasogezwa hata nimechoka kuhesabu, sasa wanasema 31 Machi, na kilichobaki ni kalamu yako wewe Mheshimiwa, kuruhusu leseni za masafa, yaani mawimbi ya kubebea simu, za Freedom Mobile zitoke mkononi mwa Shaw ziende kwa kampuni ya simu ya Videotron ya Quebec kwa dola bilioni 2.85. Mahakama zishamaliza kazi yake. Ile Mahakama ya Ushindani ilimwambia Kamishna wa ushindani Boswell, aliyetaka dili izuiwe, hapana mwishoni mwa Desemba, watu wakiwa wamekaa wanakula mabaki ya Krismasi, alafu tarehe 24 Januari Mahakama ya Rufaa ikamsikiliza na kumtupa nje siku hiyohiyo. Kwa hiyo usituambie mambo yako kortini. Yako kwako.

Sasa mimi si mwanasheria wala si mtu wa hisa. Mimi nina laini nne kwenye bili moja, yangu, ya mke wangu na za watoto wawili, naishi Rexdale, na nimekuwa mteja wa makampuni madogo na makubwa kwa zamu tangu nifike nchi hii. Acha nikueleze nilivyofika, si kwa kutaka huruma, ila ndipo utaona kampuni ndogo ni nini kwa mtu kama mimi.

Nilitua uwanja wa ndege wa Pearson Februari 2011 na koti la kuazima. Siku ya tatu binamu yangu akanipeleka kutafuta laini. Tukaingia duka la kampuni moja kubwa, jina nalihifadhi, kijana wa pale mpole tu, akaniuliza historia yangu ya mkopo. Nikamwambia sijawahi kukopa mtu, nikidhani nimejisifu. Kumbe kwa huku nimejitia doa! Akasema bila historia niweke amana ya dola 200 alafu nisaini miaka mitatu. Miaka mitatu, na mimi hata sijui kama ile baridi nitaimaliza. Tukatoka, binamu akacheka mpaka akashika ukuta, akanivusha barabara hadi kichumba kimoja kilichobanana na bucha ya halali, ndani mama mmoja wa Kisomali ana kaunta ya kioo na kalenda ya msikiti ukutani. Akatoa kadi ya simu, akaandika namba yangu kwa kalamu juu ya pakiti, dola 40 kwa mwezi, ongea mpaka uchoke, hakuna mkataba, hakuna historia, hakuna amana. Dakika saba. Na kadi ya kukwangua ya kupigia nyumbani akaniuzia palepale, nikampigia mama Likoni nikiwa nimesimama nje kwenye theluji manake nilikuwa na haraka ya kumwambia nina namba.

Ile laini ilikuwa ya mmoja wa wale wapya, walioingia baada ya mnada wa masafa wa 2008. Na wale wapya hawakudondoka mbinguni Mheshimiwa, serikali ndiyo iliyowazaa. Ilitenga megaherzi 40 za masafa wale wakubwa watatu, yaani Rogers, Bell na Telus, wasiruhusiwe kuzigusa, ili waje wengine. Mnada wote ukaingiza dola bilioni 4.25, na kina Wind, Mobilicity, Public Mobile na Videotron wakapata pa kuanzia. Wind wenyewe walikaribia kufa kabla hawajazaliwa, CRTC ikasema hawa hela zao ni za Orascom ya Misri kwa hiyo si Wakanada, na baraza la mawaziri likapindua uamuzi Desemba 2009 wakafungua duka. Nalisema hili kwa sababu kuna watu huwa wanaongea kama vile serikali haina mkono kwenye soko la simu, ati iache biashara ijiendeshe. Masafa ni mali ya umma. Leseni unatoa wewe. Nani auziwe nani unaruhusu wewe. Huo mkono upo, umekuwepo siku zote, swali ni unaufanyia nini.

Na historia ya huo mkono si nzuri sana, nisamehe. Kabla hata sijaja kulikuwa na Clearnet, Telus wakaila mwaka 2000. Kulikuwa na Microcell wenye Fido, Rogers wakaila 2004. Hao wote wawili waliletwa miaka ya tisini waje kuleta ushindani, hadithi ileile. Alafu kizazi cha pili: Public Mobile ikaenda Telus 2013. Mobilicity, Telus waliitaka Mei 2013 kwa dola milioni 380, waziri wa wakati huo Christian Paradis akakataa kwa sauti, sisi tukapiga makofi, kampuni ikaenda kujisalimisha kwa mahakama isifilisiwe na wadai wake, ikahangaika miaka miwili, alafu 2015 ikaingia Rogers kwa takriban milioni 465. Mlikataa mlangoni mkapokea dirishani. Ni kweli sehemu ya masafa yake yalipelekwa Wind ili kuwatia nguvu, hilo nawapa, lakini wateja je? Wateja wakaishia chatr, ambayo ni Rogers. Wind nayo ikanunuliwa na Shaw 2016 kwa bilioni 1.6, ikabadilishwa jina ikawa Freedom, na hapo kusema kweli mambo yalinyooka kidogo manake Shaw walikuwa na hela na hawakuwa mmoja wa wale watatu. Saba, nane, miaka inapita, na huyo Shaw sasa anamezwa na Rogers.

Uone mpangilio. Kila baada ya miaka michache mtoto anazaliwa, anasherehekewa, anaachwa bila maziwa, alafu jirani tajiri anakuja kusema huyu mtoto anateseka nipeni mimi nimlee.

Mtu atasema, sasa wewe tangu 2011 si ushahama, si una chaguo? Nilihama, ndio. Baada ya ile kampuni yangu ndogo kuuzwa nilikwenda moli moja hapa karibu siku ya Jumamosi na watoto, pale kwenye ngazi za umeme kuna vibanda vya simu kama vya samaki vile, vimepangana. Nikaenda cha kwanza, nikapiga hesabu, nikaenda cha pili, rangi nyingine, wimbo mwingine, bei ileile hadi dola. Cha tatu jina la ujana ujana hivi, nikasema hawa ndio watu wangu, nikahamisha namba zote nne, nikasaini, nikapewa fulana. Bili ya kwanza kuja nasoma maandishi madogo chini naona mwenye kampuni ni yuleyule niliyemkimbia! Nilihama nyumba kumbe nimehama chumba. Fido ni Rogers. Virgin na Lucky ni Bell. Koodo na Public ni Telus. Majina tisa, matumbo matatu. Wanangu fulana ile ndio wanafutia baiskeli.

Sasa nikuambie kitu ambacho wachumi wanakisema kwa maneno marefu. Kampuni ya nne haiwasaidii wateja wake peke yao. Oktoba 2017 Freedom walitoa bando la gigi 10 kwa dola 50. Wakati huo kwa wale watatu gigi 10 ilikuwa bei ya kumvunja mtu mgongo. Desemba, ghafla, wote watatu pamoja, kwa siku chache tu, wakatoa gigi 10 kwa dola 60, na wakatoa wapi? Ontario, Alberta, British Columbia. Yaani palepale Freedom walipo, si pengine. Watu walisimama foleni kwenye moli kama wanangoja sukari ya serikali, wengine wakakaa kwenye simu masaa mangapi wakisikiliza muziki, mke wangu alipika, akala, akaosha vyombo, simu bado iko kwenye spika inamwambia simu yako ni muhimu kwetu. Lakini alipata. Na hakuwa mteja wa Freedom. Hajawahi kuwa hata siku moja. Freedom ilimshushia bei akiwa nyumba ya jirani.

Hili mimi sikulijua Kanada, nililijua kwetu. Agosti 2010 Kenya, Zain kabla hawajawa Airtel walishusha dakika moja hadi shilingi 3, na Safaricom na ukubwa wake wote ikabidi nayo ishuke, na mama mkubwa wangu ambaye alikuwa haongei na simu zaidi ya kubipu akaanza kupiga kweli. Na nililijua na upande wa pili. Kenya tulikuwa na kampuni ya nne, Yu, mwaka 2014 ikachinjwa vipande viwili, wateja wakaenda Airtel, mitambo na minara ikaenda Safaricom. Kampuni nzima ikaondoka sokoni na kila mtu akaambiwa usijali laini yako itaendelea kufanya kazi. Ni kweli iliendelea kufanya kazi. Hilo halikuwa swali.

Kwa hiyo nikisikia hii dili yenu, nasikiliza nani anapata minara, nani anapata wateja, na nani atabaki akimtegemea nani.

Tuanze na hilo la nani. Mwaka jana Globalive, walewale walioanzisha Wind, walijitokeza hadharani wakasema wana dola bilioni 3.75 kwa ajili ya Freedom. Rogers wakakubaliana na Videotron kwa 2.85. Mimi Marikiti Mombasa nimekulia, sijawahi kuona mtu ana ng'ombe, mmoja ameweka 375 mwingine 285, akampa wa 285 kwa furaha. Najua wana majibu yao, dili ina vipengele vingi, masharti, muda, sijui nini. Lakini na mimi nina akili zangu. Muuzaji akiachiwa amchague mshindani wake mwenyewe, atachagua yule anayelala naye usingizi mzuri. Hilo ulipaswa kuliuliza kwa sauti na mpaka leo sijakusikia.

Sisemi Videotron ni wabaya. Nataka niwe mkweli hapa, kwa sababu kuna jamaa zangu kwenye kundi letu la WhatsApp wanaona nimeanza kuwa kama chama cha upinzani. Videotron Quebec wamefanya kazi, bei za kule zimekuwa chini na watu wa Montreal wanatucheka. Kwenye mnada wa 2021 wa masafa ya megaherzi 3500 walitoa zaidi ya dola milioni 800, na kiasi kikubwa kilikuwa cha masafa ya nje ya Quebec, yaani mtu anayetaka kuja, anakuja kweli. Shaw kwenye mnada huohuo hawakuonekana, walikuwa washaposwa. Na Freedom tangu hapo imekaa kama bibi harusi aliyeambiwa asiguse jikoni, 5G wenzake wanayo yeye hana. Kumwacha hivo miaka mingine miwili ni kumuua pia. Kwa hiyo sikuombi uvunje hii sehemu ya dili. Ungeniuliza Machi 2021 ilipotangazwa, bilioni 26 mtu mmoja anamnunua mwenzake, ningekuambia zima taa twende nyumbani. Sasa maji yashamwagika.

Ninachokuomba ni masharti yako yawe na meno. Hayo tu. Barua hii yote ni hayo.

Oktoba mwaka jana ulisema unataka mambo mawili: Videotron wasiziuze leseni hizo kwa miaka 10, na bei Ontario na huko magharibi zishuke zikaribie za Quebec, kama asilimia 20 chini. Vizuri sana. Videotron wakasema sawa, haraka haraka, na mtu akikubali bei yako bila kupunguza hata senti ujue umemuuliza kidogo.

Asilimia 20 ya nini Mheshimiwa? Chini ya bei ya nani, ya tarehe ngapi? Wakati ule uliposema Oktoba? Siku ya kusaini? Bei ya kubandikwa ukutani au ile ya ofa ambayo mtu anapewa akitishia kuhama? Kwa bando la gigi ngapi? Marikiti mwenye duka la viatu wiki ya Idi anapandisha kiatu kutoka 1,000 hadi 1,500, alafu anakata 300 anaandika kwa chaki PUNGUZO KUBWA, na watu wanapanga foleni. Kama hukuweka tarehe na namba, hiyo asilimia 20 ni chaki. Tena ukiweka kwa bando za leo tu, kesho watabadilisha jina la bando. Laini yangu mimi ni dola 75, juu yake kodi ya Ontario asilimia 13, inafika 84 na senti 75, hiyo ni moja. Sema kwa maandishi bando la aina yangu litakuwa ngapi Aprili 2024 na ngapi Aprili 2025. Mtoto wa darasa la nne aweze kuangalia bili ajue kama mtu amevunja ahadi.

Na akivunja? Hapa ndipo usingizi unaniisha. Juzi tu mmeshaona dawa hii inavyofanya kazi. Manitoba kulikuwa na MTS, kampuni ya mkoa, bei zake watu wa mikoa mingine walikuwa wanazitamani. Bell wakaja kuinunua kwa bilioni 3.9, dili ikapita 2017, na ili mshindani wa nne asipotee mkaamuru sehemu ya wateja, kama elfu 24, na maduka machache, na masafa, apewe Xplornet, kampuni ya intaneti ya vijijini, awe kampuni mpya ya simu. Wakafungua Xplore Mobile Novemba 2018. Wakafunga 31 Agosti 2022. Hawakufikisha hata miaka minne! Mtoto wangu mdogo ana mswaki, nahisi, wenye umri zaidi ya hapo. Wateja wakaambiwa mtafute pengine pa kwenda, na pengine ni wapi, ni walewale watatu. Nani alitozwa faini? Nani aliitwa akaulizwa? Bell wamerudisha MTS? Ile iliitwa suluhisho, iliandikwa na watu wasomi, ilipitishwa, na ilikufa mwaka jana tu hapo, wakati huohuo mlikuwa mnaandaa suluhisho jingine linalofanana nalo kama pacha.

Utaniambia Videotron si Xplornet, ni wakubwa, wana hela. Kweli. Lakini soma vizuri kile Kamishna Boswell alikisema, hata kama ameshindwa. Freedom chini ya Shaw ilikuwa na mabomba ya Shaw, nyaya za Shaw, majumba ya watu yenye intaneti ya Shaw ya kuuzia pamoja na simu. Hivyo vyote vinakwenda Rogers. Hata wateja wa Shaw Mobile wa Alberta na British Columbia hawahami na Freedom, wanabaki na Rogers. Freedom inatoka imebeba masafa, minara yake, maduka yake na wateja kama milioni 1.7, alafu inarudi kukodi kwa Rogers nyaya za kubebea data yake na intaneti ya kuuzia majumbani. Mpangaji anashindana na mwenye nyumba. Mahakama ilisema bei za kukodi ni nzuri. Leo. Mpangaji yeyote atakuambia kodi ya mwaka wa kwanza huwa nzuri.

Hapo Bi. Eatrides nageukia kwako, manake waziri akishasaini kazi inabaki kwako. CRTC ilisema Aprili 2021 kwamba makampuni madogo ya mikoa yataruhusiwa kukodi mitandao ya wakubwa yauze simu mahali ambapo hayajajenga. Tukafurahi. Ni karibu miaka miwili sasa, na mimi kwenye vibanda vya moli sijaona hata laini moja iliyotokana na uamuzi huo. Vikao, maoni, majibu ya maoni. Nchi hii mtu anajenga ghorofa 40 kwa muda huo. Mdogo akingoja miaka miwili kujua atalipa kiasi gani kwa gigi moja ya kukodi, anakufa akiwa na haki yake mfukoni. Kwa hiyo toa bei. Na mpangaji akilalamika kwamba mwenye nyumba kamkatia maji, malalamiko yaamuliwe kwa siku, si kwa misimu ya mwaka.

Kuna jambo la tarehe 8 Julai mwaka jana pia, sitalirefusha. Siku ile mtandao wa Rogers ulipozima nchi nzima, watu zaidi ya milioni 12, Interac, mtandao wa kulipia kwa kadi, ikazima nayo, maduka yakabandika karatasi mlangoni cash tu, na kuna waliopiga 911 ikashindikana. Wewe Mheshimiwa uliwaita wakubwa wote ukawapa siku 60 waandike mkataba wa kusaidiana, na waliuandika. Kumbe inawezekana! Ulipotaka, iliandikwa, ikasainiwa, kwa tarehe. Nataka jicho lilelile ulilowatolea Julai uwatolee na Machi.

Sasa yale ninayotaka yaandikwe. Mkataba kati ya serikali na Videotron uwe mkataba kweli, wenye sahihi, na uwekwe hadharani wote, si muhtasari wa kurasa mbili wenye picha ya watu wanapeana mikono. Faini iwe ya dola, imetajwa kiasi, na iwe kubwa kiasi kwamba kuvunja ahadi kuwe ghali kuliko kuitimiza, manake kampuni ya mabilioni ukiitoza milioni 5 inaandika kwenye gharama za chai. Miaka 10 ya kutouza leseni imaanishe pia kutozikodisha kwa mlango wa nyuma na kutouza kampuni mama yenye leseni tumboni, mtu asije mwaka wa sita akasema mimi sikuuza leseni, nimeuza nyumba tu leseni zilikuwa sebuleni. 5G ya Freedom iwe na tarehe. Na wenye Freedom sasa hivi, wale wa bando za zamani za bei rahisi wasiguswe. Rogers nao wasiondoke mikono mitupu ya ahadi, wao ndio wanaopata ng'ombe mkubwa, yaani Shaw, wao waseme kwa maandishi watajenga wapi huko vijijini, kazi ngapi zitabaki Calgary, makao makuu ya Shaw, na wakikosa walipe, si waombe radhi kwenye tangazo la televisheni lenye mbwa.

Halafu kuwe na mtu wa kuhesabu. Kila mwaka, hadharani, bei ilikuwa hii sasa ni hii, minara ilikuwa mingapi sasa mingapi. Asiwe mtu wa Videotron. Na akisoma hiyo ripoti mbele ya kamati ya bunge, ile ya viwanda iliyowahoji wakubwa tarehe 25 Januari, mimi nitachukua likizo siku hiyo nikae niangalie.

Yule mama wa Kisomali alishafunga duka, nilipita pale wiki jana kununua nyama. Kaunta ya kioo bado iko, sasa wanauza simu zilizotumika na kava za simu, na kijana aliyepo akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta laini ya dola 40. Akaniangalia hivi, akasema mzee, hiyo ya mwaka gani?

Kuna mpwa wangu anakuja Septemba kusoma hapa Humber, anatoka Likoni, hana historia ya mkopo wala koti. Nitamkuta Pearson nimpeleke kutafuta laini siku ya tatu kama nilivyopelekwa mimi. Nataka kujua, Mheshimiwa, nimpeleke wapi.

Bili yangu inatoka tarehe 4 ya kila mwezi. Ya Aprili nitaisoma kwa makini.

Wako,
Mteja wa laini nne, Rexdale, Toronto
Machi 2023